Nyayo za Waingereza mtoni Nemunas

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji mwenzangu aliyewaomba muache kujisumbua na hewaukaa, bioanuwai na tabianchi. Andikeni „carbon dioxide“, „biodiversity“ na „climate“ kwa Kiingereza kama yalivyo, alisema, maana elimu ya mazingira ni ya Kiingereza, na lugha inayojitungia istilahi zake inajichelewesha bure. Barua hiyo niliisoma kwenye simu nikiwa kazini, katika maabara ya maji mjini Kaunas, Lithuania, nikisubiri chupa kumi na mbili za maji ya mto zitoke kwenye ubaridi wa jokofu zifikie joto la chumba. Nilicheka, kisha nikanuna, kisha nikaona heri niandike.

Huku niliko ni nchi ya watu wasiofika milioni 3. Lugha yao, ukiitoa nje ya mipaka yao, haikufikishi mbali. Kwa hoja ya ndugu yetu, hawa ndio wangekuwa wa kwanza kusalimu amri mbele ya Kiingereza. Hawakusalimu. Ila sikuja kuwapamba. Kwa miaka tisa nimeishi katikati ya lugha yao na Kiingereza, mchana nikichota maji na kuyapima, jioni nikifasiri taarifa za maji kwa anayezihitaji. Nimeona wanapofaulu na nimeona wanapojikwaa, na mimi mwenyewe nimejikwaa kuliko wao.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa pili hapa, kwenye kikao cha kazi, niliinuka kwa ujasiri wa mtu aliyemaliza kozi ya lugha juzi, nikatamka: „Reikia mažinti anglų pėdsaką.“ Nilikusudia kusema tupunguze nyayo za kaboni, yaani kiasi cha hewaukaa tunachokitoa hewani. Chumba kikanyamaza. Mkuu wetu, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kaboni kwa Kilithuania ni anglis, neno lilelile la makaa ya mawe, na ukitaka kusema „ya kaboni“ unasema anglies. Mwingereza naye ni anglas, na „ya Waingereza“ ni anglų. Mimi nilikuwa nimependekeza mbele ya idara nzima kwamba tupunguze nyayo za Waingereza. Mpaka leo hakosi mtu wa kuniuliza kwenye ngazi: vipi, wamepungua kiasi gani?

Utani huo ulinifanya nianze kuyasikiliza maneno yao kwa sikio jingine. Walithuania walipotaka jina la kaboni walikwenda mekoni wakaokota kaa. Sisi tulipounda hewaukaa tulikwenda kwenye meko hilohilo, maana ukaa ni ndugu wa kaa la moto. Hata „carbon“ ya Waingereza ni makaa ya Kilatini, ila Mwingereza wa leo halisikii kaa ndani yake, kwake ni sauti tu. Mtoto wa Kilithuania analisikia. Oksijeni anaiita deguonis, kutoka degti, kuungua. Haidrojeni ni vandenilis, kutoka vanduo, maji. Kwenye nitrojeni hawakujihangaisha, wakakopa azotas, na mashamba yao yanatiwa mbolea ya azotas bila mtu kulalamika.

Na mazingira yenyewe? Aplink ni pande zote kukuzunguka, kwa hiyo aplinka ni kile kinachokuzunguka. Mazingira yetu yametoka kwenye kuzingira. „Environment“ nayo, ukiikwangua, chini utakuta Kifaransa cha kuzunguka. Kilithuania na Kiswahili hazijawahi kukutana sokoni wala vitani, na zimetazama kitu kimoja zikaona umbo lilelile. Sasa ndugu yetu aniambie neno hilo ni mali ya nani.

Kosa langu la pili halikumchekesha mtu.

Kaunas imekaa pale mto Neris unapoingia Nemunas. Mwisho wa baridi, theluji ikiyeyuka, Nemunas huvimba na kugeuka rangi, unapita na magogo na vipande vya barafu. Majira kama hayo, miaka minne iliyopita, walikuja wageni wa mambo ya maji kutoka Afrika Mashariki, nami nikaombwa niwatilie Kiswahili muhtasari wa taarifa moja. Taarifa ya asili ilikuwa ya Kilithuania. Nikapewa pia tafsiri yake ya Kiingereza, eti kunirahisishia kazi, na mimi, nakiri, nikaona rahisi kweli ni tamu. Kiingereza kilisema kwamba „pollution“ chini ya bomba la kiwanda kimoja ilikuwa imepungua mwezi Aprili kuliko Februari. Nikaandika: uchafuzi wa mto umepungua. Wageni wakafurahi. Mmoja wao akaandika kwenye daftari lake kwamba kiwanda kimejirekebisha, akaniuliza kimefunga mtambo wa aina gani.

Kiwanda hakikuwa kimejirekebisha hata kidogo. Usiku ule swali lake lilininyima usingizi, nikafungua taarifa ya asili, nikakuta neno užterštumas.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye barua yangu. Kilithuania kina kitenzi teršti, kuchafua. Kutoka kwenye kitenzi hicho wamezaa ukoo mzima. Teršimas ni kitendo cha kuchafua. Teršalas ni kitu kinachochafua, kama vile fosforasi au mafuta. Teršėjas ni yule anayechafua, na ile kanuni ya Umoja wa Ulaya kwamba mchafuzi ndiye mlipaji wao huisema kwa maneno mawili tu: teršėjas moka. Tarša ni uchafuzi wenyewe unaotoka na kuingia kwenye hewa, maji na udongo. Ndiyo maana kibali cha kiwanda huitwa taršos leidimas. Na užterštumas ni jinsi kitu kilivyokwisha kuchafuka, kiwango chake, kile ninachokipima mimi kwenye chupa zangu.

Kilichokuwa kimepungua Aprili ni užterštumas. Katika kila lita ya maji mlikuwa na taka chache kuliko Februari, kwa sababu mto ulikuwa umejaa theluji iliyoyeyuka. Tia kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha maji, kisha tia kijiko kama hicho kwenye ndoo, uonje. Bomba lilikuwa linatoa kilo zilezile kila siku. Mwandishi wa Kilithuania alikuwa amelisema hilo wazi katika sentensi iliyofuata: tarša haijabadilika. Lakini aliyefasiri kwa Kiingereza alikuwa na „pollution“ moja mkononi. Ukiandika kwamba „pollution“ imepungua, halafu mstari wa pili „pollution“ haijabadilika, utaonekana umelewa. Sentensi ya pili ikafutwa.

Asubuhi niliwarudia wageni hotelini kabla hawajanywa chai, nikawaambia ukweli. Yule mwenye daftari alichora mstari juu ya alichoandika, polepole, kwa rula. Siku ile hakuniuliza swali lingine.

Kilichoniuma ni kwamba Kiswahili hakikuwa kimepungukiwa na chochote. Tuna kuchafua, na tuna kuchafuka. Tuna mchafuzi, uchafuzi, uchafu, na vichafuzi kama hupendi kusema vitu vinavyochafua. Ningeandika hivi tu: maji hayakuchafuka sana kama Februari, lakini uchafuzi ni uleule. Mvuvi angenielewa, na waziri vilevile. Silabi moja ya kitenzi chetu inamtenga anayefanya na kinachofanyiwa, jambo ambalo Kiingereza kwenye neno lile hakiwezi. Nilikuwa na chombo hicho tangu utotoni, nikakiacha nyumbani kwa sababu nilipita mlango wa Kiingereza, na kwenye mlango huo unavua viatu.

Kwa hiyo namwambia ndugu yetu: wewe unaogopa istilahi za kutunga, mimi naogopa nomino za Kiingereza zinazofasiriwa moja baada ya moja kama mtu anayehesabu shanga. Nyayo za Waingereza hazimo kwenye maneno ya kukopa. Kukopa hakuna ubaya. Hawa wamekopa ekologija, klimatas na biosfera wala hawajafa. Nyayo zimo pale tunapoona kitu kwa mgawanyo wa Kiingereza, tukaamini kwamba ndivyo kitu chenyewe kilivyogawanyika.

Tukiwa bado mtoni, nimpe mfano mwingine wa raha zaidi. Kutiririka ni tekėti. Mto mdogo unaoingia mkubwa ni intakas, unaotiririkia ndani; sisi tuna tawimto, nalo ni zuri, limeona mti mahali wao walipoona mwendo. Pale Neris na Nemunas zinapokutana ni santaka, mtiririko wa pamoja. Chanzo cha mto ni ištakos, yanakotokea. Majitaka ni nuotekos, yanayotiririka kwenda zake. Samaki trauti ni upėtakis, mkimbia mto. Kiingereza kwa hayo manne ya mwanzo kina „tributary“, „confluence“, „source“ na „sewage“, wageni wanne waliokutana kituo cha basi. Mwanafunzi wa Kilithuania akijua kitenzi kimoja amepata sura nzima ya kitabu cha jiografia. (Tena msichana akiolewa wanasema ištekėjo, ametiririka kutoka kwao. Mwenzangu wa maabara alipoolewa mwaka juzi tulimwandikia hivyo kwenye kadi, na mimi nikachora bomba. Alinisamehe.)

Hata zile chupa kumi na mbili nilizozitaja zina habari yake. Kwa Kiingereza ni „sample“, kwetu sampuli. Hapa kuna ėminys, kutoka imti, kuchukua, na kuna mėginys, kutoka mėginti, kujaribu. Moja linakumbuka mkono uliochota, jingine linangoja kipimo. Wakubwa wa kazi hubishana lipi liandikwe wapi, na nimewahi kurudishiwa fomu kwa ajili hiyo. Sikufurahi. Lakini siku chupa moja ilipoharibika, swali la kwanza lilikuwa: imeharibikia kwenye kuchota au kwenye kupima? Hapo nikaona kwamba ubishi wao haukuwa wa watu wasio na kazi.

Msomaji atauliza nani anayasimamia haya yote. Kuna Tume ya Serikali ya Lugha ya Kilithuania, kuna sheria ya lugha ya taifa ya mwaka 1995, na kuna sheria ya mwaka 2003 iliyoanzisha benki ya istilahi ya taifa. Mei 1, 2004 nchi iliingia Umoja wa Ulaya, na maelfu ya kurasa za sheria za mazingira yakapaswa kusomeka kwa Kilithuania, kuanzia maji ya kunywa mpaka makazi ya vyura. Watu hawa walipigwa marufuku na utawala wa tsari wa Urusi kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini kuanzia 1864 hadi 1904, wakawa wanavusha vitabu mpakani kwa magendo, migongoni na kwenye magari ya nyasi. Mjukuu wa mtu aliyefichwa kwenye nyasi na kitabu hakuachii neno lake kirahisi. Wakati mwingine hata wanapitiliza. Kuna wakaguzi wa lugha, na waandishi wa habari hapa wana visa vyao kuwahusu, lakini hayo tuyaache.

Sasa wanapojikwaa. Niliahidi.

Mama mwenye nyumba ninayopanga ana šiltnamis cha nailoni kwenye kiwanja chake cha bustani nje ya mji. Šiltas ni enye joto, namas ni nyumba. Mwezi Mei nje bado ni koti na kofia. Ukifungua mlango wake miwani inaingia ukungu papo hapo na harufu ya majani ya nyanya inakupiga puani. Mama huyu hajasoma fizikia. Lakini ukimtajia šiltnamio efektas, yaani athari ya nyumba-joto, anaelewa dunia inafanywa nini, kwa sababu nyanya zake zinafanywa hivyohivyo. „Greenhouse“ ya Kiingereza imetaja rangi ikaacha joto, na ndiyo maana nimewahi kuona katika tafsiri fulani ya Kiswahili „gesi za nyumba ya kijani“, kana kwamba kuna jirani aliyepaka ukuta. Mpaka hapo Kilithuania kinaongoza. Halafu wakaja kwenye gesi zenyewe, wakaziita šiltnamio efektą sukeliančios dujos, yaani gesi zinazosababisha athari ya nyumba-joto. Jina refu kama treni ya mizigo, wakalifupisha kuwa ŠESD. Nilimuuliza mama ŠESD ni nini. Akafikiri kidogo akasema labda ni ushuru mpya.

Sisi tunaziita gesijoto. Silabi nne. Nililitamka neno hilo kwenye kikao cha maabara nikalifafanua, na kwa mara ya kwanza tangu kisa cha Waingereza nikaketi nikiwa nimenyoosha shingo.

Kwenye „sustainable“ ndipo walipohangaika zaidi. Walianza na subalansuota, iliyosawazishwa. Mkakati wa taifa wa mwaka 2003 ukatumia darnus, lenye maana ya kupatana, kama sauti za kwaya. Siku hizi mabango yote ya mjini yanasema tvarus, kinachodumu, na hakuna mfuko wa karatasi usiojiita hivyo. Maneno matatu, picha tatu: mizani, wimbo, na kitu kigumu kisichovunjika. Nilidhani nitawacheka, mpaka mmoja wao aliponiuliza sisi tunasemaje. Maendeleo endelevu, nikajibu kwa fahari. Akataka nimvunjievunjie. Maendeleo yametoka kuendelea. Endelevu imetoka... kuendelea. „Kwa hiyo,“ akasema, „ni kuendelea kunakoendelea?“ Sikuwa na jibu. Bado sina, ingawa nalipenda neno letu kwa mlio wake.

Maneno mengine huzaliwa bila kikao. Tangu Februari 2016 ukinunua vinywaji vingi vya chupa au kopo hapa unaweka amana ya senti 10 za euro, unazipata ukirudisha chupa kwenye mashine ya dukani. Mashine hiyo watu wanaiita taromatas: tara, chombo cha kufungashia, ikaunganishwa na automatas. Neno lina mlio wa chuma na chupa zinazosagika. Watoto wanalijua kabla hawajajua kusoma. Na kuna kosa dogo ambalo walimu wa lugha wanalipigania kila mwaka: ekologinis ni cha ekolojia, kama janga la kiikolojia, ekologiškas ni kilichozalishwa kwa kilimo hai, kama maziwa na karoti. Ukichanganya, unajikuta umetangaza janga lililozalishwa bila kemikali. Nimeliona kosa hilo kwenye kipeperushi chenye picha nzuri sana.

Lakini neno linaloniudhi kuliko yote si la Kiingereza wala si la Kilithuania. Ni melioracija. Ndilo jina la kazi iliyofanywa nchini hapa, hasa enzi ya Kisovieti, ya kuchimba mitaro, kufukia mabomba, kunyoosha vijito vilivyokuwa vinajipinda na kukausha ardhioevu ili ziwe mashamba. Ndani yake mna Kilatini melior, bora zaidi. Waliikausha pelkė, yaani kinamasi, wakaiita „uboreshaji“. Kiingereza hakina cha kujivunia, chenyewe kilisema „reclamation“, kurudisha, kana kwamba maji yalikuwa yameiba ardhi ya mtu. Leo serikali na wahifadhi wanatumia fedha kuziba mitaro ileile, maana mboji ya kinamasi ikikauka hukutana na hewa, na ukaa uliofungiwa humo kwa maelfu ya miaka huanza kutoka kama hewaukaa. Mkulima mmoja mzee alinionyesha shamba lake, akapiga udongo kwa kisigino, akasema baba yake alipewa cheti kwa „kuboresha“ pale, na yeye sasa anaandikiwa barua aache maji yarudi. Neno halijabadilika hata hivyo. Idara bado zinaliandika.

Mwaka jana nilibahatika kwenda Čepkeliai, kusini, karibu na kijiji cha Marcinkonys. Ndicho kinamasi kikubwa kuliko vyote Lithuania, zaidi ya hekta 5,000, kimehifadhiwa tangu 1975, na huingii kiholela. Tuliongozwa na mlinzi mstaafu, mzee mkimya mwenye fimbo ndefu kuliko yeye. Njiani alinifundisha kama mtu anayenitambulisha kwa wanawe. Pelkė ni la jumla. Aukštapelkė, kinamasi cha juu, kimevimba katikati kama mkate na kinakunywa mvua tu. Žemapelkė, cha chini, kinakunywa maji ya ardhini. Katikati yake kuna tarpinė, cha kati. Raistas kina miti. Waraka wa Umoja wa Ulaya wa makazi ya viumbe, wa mwaka 1992, unataka nchi zitenganishe vitu hivi, na wataalamu wa Kilithuania hawakuhitaji kutunga mengi. Wazee kama huyu walikuwa nayo mdomoni tayari.

Kisha akasimama mahali paliponyooka, pana majani ya kijani na matunda mekundu madogo ya spanguolė yaliyotawanyika juu ya mosi, vile vimea vifupi laini vya mahali penye majimaji. Akaniambia nitoke kwenye ubao, hatua mbili tu, nishike fimbo. Nikatoka. Ardhi ikabonyea chini yangu kama godoro, ikainuka mbele yangu, na msonobari mmoja mfupi, hatua kumi hivi kutoka nilipo, ukaniinamia kama unanisalimu. Ile haikuwa ardhi. Ilikuwa zulia la mizizi na mosi linaloelea juu ya maji meusi. Mguu wa kushoto ukazama hadi chini kidogo ya goti, maji yakaingia kwenye buti, rangi ya chai ya rangi, baridi ya kukata. Mzee akanivuta taratibu. Akatazama alama ya maji kwenye suruali yangu, akapima kwa kiganja, akasema mboji hii huongezeka kama milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo mguu wangu ulikuwa umetoka kwenye miaka mia nne iliyopita.

„Liūnas,“ akasema, akiielekeza fimbo pale. Kiingereza huita „quaking bog“, kinamasi kinachotetemeka, ambayo ni habari ya kitu, si jina lake. „Kwenu mnaitaje?“

Nikamjibu ardhioevu. Akataka maana, nikamwambia: ardhi yenye majimaji. Mzee akazungusha mkono kuanzia msituni upande huu hadi msituni upande ule. „Hiyo ni yote,“ akasema. Akagonga fimbo pale nilipozamia, msonobari ukainama tena. „Nauliza hii.“

Nikapekua kichwani: kinamasi, tingatinga, bwawa, tope, dimbwi. Hakuna lililotikisika. Nilimwambia mzee kwamba sijui mimi, si kwamba lugha yangu haijui. Mtu aliyekulia mjini akapata elimu yake kwa Kiingereza asiihukumu lugha nzima kwa usahaulifu wake. Alikubali hoja hiyo kwa kutikisa kichwa, akanimwagia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake ya moto.

Ndiyo sababu sitaki mfuate ushauri wa ndugu yetu, Mhariri. Na mkiniruhusu ombi moja kwa ukurasa wenu wa mazingira: habari ya mto ikifika mezani, mwandishi aulize kwanza ni nani anachafua, nini kimechafuka na kwa kiasi gani, kabla hajaandika „uchafuzi wa mazingira“ na kwenda zake.

Ombi jingine ni kwa wasomaji. Kama kuna anayelijua jina la mahali pa namna ile, majani juu na maji chini, panapotikisika mtu akipakanyaga, na aliandikie gazeti hili, hata kama analijua kwa lugha ya bibi yake tu. Nina miadi ya kurudi Marcinkonys mwezi Septemba, spanguolė zikianza kuiva, na yule mzee hana tabia ya kusahau alichouliza.

Wenu,
Mpima maji,
Kaunas, Lithuania